Beseni la Maji Moto

Raya alishika ukingo wa dirisha akausubiri mguu wake wa kulia. Jana aliuvusha juu ya kanga iliyoviringishwa sakafuni, mama yake akalia kwa furaha. Leo haukubanduka chini, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Hamadi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja pale kila asubuhi, alipiga magoti akaugusa. Ulikuwa wa moto.

"Amefanywa nini kabla sijaja?"

"Nimemkanda," alijibu Bi Shuwena, mama yake Raya, akiwa mlangoni na beseni ambalo bado lilifuka mvuke. "Jana alijitahidi sana, nikaona leo nimsaidie. Mimi nilipomzaa huyu nilikandwa hivi hivi mpaka nikasimama."

Hamadi aliuachia mguu. "Mama, ugonjwa huu unakula ganda la mishipa ya fahamu. Mwili ukipata joto, mguu hausikii unachoambiwa. Joto likimtoka, atarudi alivyokuwa jana."

"Jana tu? Si zaidi?"

Hamadi aliinama kuiweka sawa ile kanga iliyoviringishwa, ingawa ilikuwa sawa tayari.

"Mama," alisema Raya, "njoo ukae."

Bi Shuwena alitua beseni, akaketi sakafuni. Aliivuta ile kanga, akaikunjua, akashika ncha zake mbili na kuanza kuupepea mguu wa mwanawe polepole, kama anapoza uji wa mtoto, macho yake yakiwa kwenye vidole.