Mjane Aliyepanda Kondoo Kinyumenyume

Kondoo alikataa kusimama. Wanaume wawili walimshika pembe, wa tatu akamsukuma matako kwa goti, na bado yule dume mweusi alizunguka mlangoni pa baraza kana kwamba naye hataki kutajwa katika mambo yale.

"Mshikeni vizuri," mtu alisema kwenye umati. "Mzigo wenyewe ni wa watu wawili."

Watu wa kijiji cha Hazelcombe wakacheka. Dorcas hakucheka. Alikuwa amebeba shali ya dada yake, Thomasine Lovelock, na alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye au wao, yeyote atakayetangulia.

Thomasine alikuwa mjane wa mwaka wa tatu, na katika bonde lote hapakuwa na mwanamke tajiri kama yeye: mashamba ya ngano, makundi ya kondoo, kinu cha maji cha kusagia. Vyote vilikuwa vya marehemu mumewe, Henry, na kwa mila ya pale mjane alivishika maisha yake yote, kwa masharti. Akilala na mwanamume, ananyang'anywa. Lakini akikubali kuja barazani juu ya kondoo dume mweusi, uso umeelekea mkiani, akaimba aibu yake mbele ya kijiji kizima, anarudishiwa. Akiolewa, basi. Kwa aliyeolewa hapakuwa na kondoo wala wimbo. Ardhi ilikwenda kwa ndugu wa mume.

Ndugu wa mume alikuwa Giles, naye alisimama mbele kabisa, kavaa buti mpya. Ndiye aliyepeleka mashtaka, tumbo la shemeji yake lilipoanza kuinua aproni. Kwanza alimwendea kasisi wa kijiji, akitumaini kusikia habari za ndoa. Kasisi akamwapia kwamba hajamfungisha Thomasine ndoa na mtu yeyote. Giles hakusikitika sana. Alimjua shemeji yake, mwanamke asiyekubali hata kuonekana na tope kwenye kiatu. Hatapanda kondoo huyo, na ardhi itakuja yenyewe.

Dorcas naye aliomba asipande, ingawa kwa sababu nyingine.

"Usiende, dada," alimsihi asubuhi ile. "Mwachie Giles vitu vyake. Olewa na Ambrose, tukaishi hata bandani kwake. Mtoto azaliwe na baba."

Ambrose Pocock alikuwa mwendesha gari la sufu, mtu mpole asiyemiliki hata kuku. Tangu alipompeleka Thomasine London mwezi wa Aprili kuuza sufu, hakuna aliyewaona wamesimama pamoja. Lakini lisemwalo lipo, na tumbo halina siri.

"Kile kinu nimekijenga upya mimi," Thomasine alijibu, akifunga kofia. "Henry alikiacha kinaoza, yeye na chupa yake. Giles atakiuza kabla ya Krismasi, na wewe atakufukuza kabla hajakiuza. Mficha uchi hazai, Dorcas. Twende."

Sasa alikuwa juu ya kondoo, miguu inaburuta matopeni, mkia ameukamata kwa mikono miwili. Msimamizi wa bwana mkuu wa bonde lile, mwamuzi wa mashauri ya ardhi, aliketi mezani ndani ya baraza, akijitahidi kutotabasamu.

"Tangu mumeo Henry azikwe, umelala na mwanamume?"

"Nimelala."

"Na nani?"

"Na Ambrose Pocock."

"Hatusikii huku nyuma!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Alipokuwa naye alinong'ona hivyo hivyo?"

Thomasine akalirudia jina, kwa nguvu. Kisha akaimba, kama mila ilivyotaka:

"Nakaa kinyume, mkia mkononi,
Kwa aibu yangu iliyoanza chumbani;
Bwana, nisamehe, nirudishie changu shambani."

Mtu akamtupia kiazi kilichooza, kikampata begani. Hakuuachia mkia. Dorcas alijifunika uso kwa ile shali akalia, kwa uchungu na kwa hasira pia, maana alimpenda dada yake na siku ile hakuweza kumtazama.

"Baraza limemsamehe," msimamizi akasema. "Ardhi ni yake kama zamani, na shauri hili limekwisha."

Giles aligeuza buti zake mpya. Alipompita shemeji yake aliinama kidogo.

"Kaa na kinu chako, shemeji. Huyo mwanao atakuwa mwanaharamu mpaka siku anazikwa."

Hapo tu ndipo Thomasine alipobadilika rangi.

Nyumbani, jikoni, alinawa mikono mara ya pili na ya tatu, na harufu ya kondoo haikutoka. Dorcas alimwekea mkate na nyama baridi, kisha akashindwa kunyamaza.

"Umepata ulichotaka. Mtoto ataitwa haramu kisimani, ataitwa haramu kanisani. Umemuuza kwa magunia ya unga, dada."

"Najua nimemuuza kwa nini," Thomasine alisema, na machozi aliyoyazuia barazani yakamtoka. "Unafikiri sijui?"

Hasira ya Dorcas ikamwisha pale pale. Akapiga magoti kando ya kiti, akamshika ile mikono yenye maji.

"Basi bado hujachelewa. Kasisi yupo. Jumapili hii uolewe na Ambrose. Acha ardhi iende, kinu kiende, mimi nitafua nguo za watu. Lakini mtoto awe halali. Nakuomba."

Thomasine aliinuka, akautia mlango komeo, akarudi akaketi.

"Ambrose ni mume wangu tangu London, Dorcas," alisema kwa sauti ya chini. "Unataka niolewe naye mara ngapi?"