Togwa ya Furahini

Uvumi kwamba pumzi za watoto wa wafanyakazi zinanukia karafuu ulimganda Tasiana kama kupe. Kiwandani waliunda chachu za kutoa mafuta ya karafuu; mashine ilipima maelfu kwa siku, na kazi ya Tasiana ilikuwa kumwaga zilizoshindwa. Moja ilinukia vizuri, akaibeba nyumbani kuchachushia togwa, uji mchachu wa bintiye, Furahini. Sasa mtoto naye alinukia karafuu, Tasiana akampeleka kupimwa kiwandani; na kwa sheria chachu ni mali ya kiwanda popote inapoishi, hata tumboni mwa mtu.

“Hongera, mama,” mpimaji wa kiwanda alisema akimbeba Furahini. “Tumbo hili linatoa mafuta mengi kuliko vyombo vyetu vyote!”

“Mwanangu si chombo, baba. Nirudishie.”

“Utamwona Jumapili.”

Tasiana aliwaandikia wenzake ukutani:

Msibebe chachu nyumbani.
Msiombane togwa.
Mtoto akinukia vizuri, msimpeleke kupimwa.