Maji Yaliyozoleka

Maji yakimwagika huzoleka. Nimeandika programu inayoyazoa: huhifadhi kazi ya kompyuta ikiwa katikati, ili umeme wa bwawa la Nzilo ukikatika, kazi iendelee pale ilipoishia.

Bosi wangu Kalumba alifuta jina langu, akaandika lake. Leo alivaa koti lake la harusi, akawangoja wageni aliowaahidi kuwaonyesha "kazi yake".

"Mutoto, uletee bageni chai," aliniambia walipoingia.

Sikuinuka. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe kilichojaa vumbi jekundu la machimbo ya shaba ya Mashamba. Bonyezo moja tu, na toleo la majaribio la programu yangu, la kompyuta za Linux, lingekuwa mtandaoni, bure kwa dunia nzima, jina langu likiwa limerudi mstari wa kwanza.

Nikabonyeza, nikawageuzia wageni skrini.

"Bapapa, musome mustari ya kwanza. Ndaya ni mi."

Mmoja alisoma, akacheka, akamgeukia Kalumba. "Chef, sasa wewe uko wapi humu?"

Jasho lilishuka hadi kwenye kola ya Kalumba. "Toa hiyo kitu! Omba pardon mbele ya bageni!"

"Hiyo maji haizoleke tena, chef. Na pardon siombi."