Sinia la Watu Wanne

Miaka yote ya ujaji wake, Shembilu hakula harusini, maana hujui nani atasimama mbele yako kesho. Alistaafu Ijumaa. Jumapili akaja kwenye harusi ya jirani, kanzu imenyooka kwa pasi, na ukumbi mzima ukasimama kama mahakamani.

"Kaeni jamani, pilau itapoa."

Wakamletea kiti na sahani ya peke yake. Akavikataa. Alitaka kula mkekani na wenzake, na sinia lililopungua mtu lilikuwa moja tu, la Mahanyu seremala, ambaye Shembilu mwenyewe alimfunga miaka saba.

"Hapa pana mtu?"

"Hapana mtu," Mahanyu akajibu. "Ila hapa hakuna rufaa, mheshimiwa. Ukizubaa, nyama imekwenda."

Wanawake waliokuwa dirishani wakaacha hata kusengenya.

Jaji akanawa, akakaa. Wakala, kila mtu upande wake, mpaka likabaki pande moja la nyama katikati. Mahanyu akalisukuma kwa jaji. Jaji akalirudisha.

Lilikuwa gumu, halichaniki kwa mkono mmoja, na wa kushoto hauingii siniani. Mahanyu akalishika ncha, akasubiri.

"Shika na huko," akasema.