Bibi Harusi Kanyamaza

Mchungaji mzee aliuliza mara ya pili, na bibi harusi hakujibu.

Si kwamba hakusikia. Aliitikia kwa kichwa, shela likayumba. Akagusa koo lake kwa ncha za vidole, akamtazama bwana harusi kwa macho ya kuomba radhi. Midomo ilicheza, neno halikutoka.

"Binti, kwa kichwa hata mjusi huitikia," mchungaji mzee alisema. "Ndoa hufungwa kwa kauli. Unamkubali huyu?"

Akaitikia tena kwa kichwa.

Bwana harusi alianza kulowa jasho kwenye kola mpya. Siku za kazi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti. Jumapili alikuwa mhubiri wa kanisa hilohilo la mabati. Watu walimpa jina la Mstari Mmoja, kwa sababu akipata mstari wa Biblia alioupenda hakusumbuka kuitazama mistari jirani yake. Wachumba wawili walishamkimbia, kila mmoja baada ya hubiri. Bibi harusi huyu, mshonaji wa nguo, ndiye wa kwanza kufika naye madhabahuni, na mvi zilikuwa zimeshaanza kumchungulia kidevuni.

Shangazi wa bibi harusi, aliyemleta kwa mkono kutoka nyumba yao ya wanawake pekee, alisimama akainua kidole.

"Shangazi," bwana harusi alimwahi, kwa mazoea tu, "hapa ni kanisani."

Shangazi akaketi. Wanawake wa benchi lake wakabana midomo, mabega yakiwatetemeka.

Mchungaji mzee, aliyealikwa kuja kufungisha ndoa, alivua miwani. "Kwani hapa kwenu kuna nini, mwanangu?"

Ikabidi aelezwe. Tangu mvua zilipokwisha, Mstari Mmoja alikuwa amepiga marufuku sauti ya mwanamke ndani ya kanisa, kwa maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho. Kwaya ikabaki na wanaume wa besi, wakivuma kama mashine ya kusaga. Watoto wakawa wanafundishwa kwa ishara. Jumapili moja mama mmoja aliona nyoka chini ya mimbari, na kwa kuwa alikuwa mtii, alitoka nje kwanza ndipo akapiga yowe.

"Na huyu bibi harusi," mzee akauliza taratibu, "si mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Na hapa si kanisani?"

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi ya wanaume. Kumbe! Binti anampenda, ila ameamua kumnyoa kwa wembe wake mwenyewe.

"Mchungaji, si umpe ruhusa leo tu?" fundi akaomba.

"Mimi mgeni. Kufuli umelitia wewe. Tena sheria haifunguliwi eti kwa sababu mtu ana haraka ya kuoa. Nionyeshe kwenye Neno. Huo mstari wako, juu yake pana nini?"

Fundi akafungua Biblia. Alisoma polepole, kama mtu anayepita mtaa wa pili kwa mara ya kwanza ilhali amezaliwa mtaa wa kwanza. "Hapa... hata wanaume wanaambiwa wanyamaze. Anayenena kwa lugha, akikosa wa kumfasiria. Na nabii, mwenzake akipata neno."

"Kwa nini?"

"Walikuwa wanasema wote kwa pamoja. Kama mnada."

"Kwa hiyo aliandikiwa nani, wewe au wao?"

"Wao kwanza. Na fujo yao."

"Haya, rudi nyuma kurasa chache."

Akarudi. Akasoma, akakuna kidevu, akasoma tena. "Mtume huyohuyo, barua hiyohiyo, anaeleza mwanamke afunikeje kichwa anapoomba na kutoa unabii."

"Anatoaje unabii huku kanyamaza?"

Wanaume wakacheka. Wanawake, kwa sheria, wakacheka kwa pua.

"Na asubuhi ya kaburi tupu," mzee akaongeza, "habari ilipelekwa na nani? Wangenyamaza wale, leo ungehubiri nini? Wewe ni fundi, bwana. Mtu akishika bawaba moja mkononi, amekwisha liona geti?"

Bibi harusi akamvuta fundi mkono wa koti, akimtikisia kidole.

"Bado hujaridhika?" fundi akasema. Akawageukia watu. "Basi nimekosea! Nilisoma mstari, sikusoma barua. Kuanzia leo wanawake waimbe, waombe, wafundishe!"

Bibi harusi akavuta tena, sasa kwa mikono miwili, akitikisa kichwa mpaka shela likamkaa upande.

"Na mimbari pia!" fundi akapaza sauti, machozi yakimlengalenga. "Jumapili ijayo Shangazi ahubiri! Haya, mpenzi wangu. Nimebakiza nini? Sema neno moja tu."

Sauti za wanawake, zilizolimbikizwa tangu mvua zile, zilipanda hadi kwenye mabati. Mchungaji mzee aliinua mkono, zikatulia. Bibi harusi alifungua kinywa. Kikatoka kitu kama mkwaruzo wa mlango unaodai mafuta.

Shangazi akasimama.

"Sasa nina ruhusa, eeh? Mtoto hana sauti, mkwe wangu. Imemkauka jana. Kutwa nzima alitufokea sisi wanawake wote wa nyumba ile kwamba mchumba wake yuko sahihi, mwanamke anyamaze."