Ahadi Inayokatwa Alama

Mama wa kwenye kompyuta aliangua kilio kwa mara ya sita, na kwa mara ya sita kosa lilikuwa la yule bwana aliyekuwa akichapa.

Somo lenyewe ukilitazama ni jepesi. Mama ameketi, mkoba mapajani. Mumewe hatapona, naye hajui. Kazi yako ni kumwambia. Unachapa maneno, mama anakujibu, na mwisho kompyuta inatoa alama. Madaktari wanafunzi, watoto wa juzi, walifaulu wakaenda zao kunywa chai. Elimu haina mwisho, walimtania walipompita. Yeye na mvi zake alikuwa na arobaini na tano kwa mia.

Saa kumi ilikuwa inakuja mbio. Kesho isingemfaa kitu. Ilikuwa leo, na akiharibu hakuna wa kumrudishia nafasi.

Akaanza upya, akidonoa herufi kwa mkono wa kushoto. Akamuuliza mama kwanza anajua nini, kama somo linavyotaka. Akasema wazi bila kuzunguka mbuyu. Akanyamaza panapotakiwa kunyamaza.

"Sasa mimi nitabaki na nani?" mama akauliza.

Akachapa: "Sitakuacha."

Kompyuta ikakata alama ishirini. *Usitoe ahadi usiyoweza kuitimiza.*

"Hapo ndipo unapokwama kila mara," alisema daktari mwalimu, aliyesimama nyuma ya kiti chake. Akamkumbusha kwa upole kwamba hakulazimika kujitesa hivi, wapo wa kumsaidia.

"Niachie mwenyewe, daktari. Nakuomba."

Mara ya nane akalimeza lile neno, ingawa lilimkwama kama mwiba wa samaki. Akachapa tu kwamba anasikitika sana, kisha akatulia. Themanini na tano. Mama wa kwenye kompyuta akafuta machozi, akamshukuru. Bwana akashusha pumzi.

Nesi akachungulia mlangoni. "Baba, amefika."

Akainuka polepole, akaikokota stendi ya dripu yake hadi wodini, mkewe alikokuwa ameketi kando ya kitanda kitupu, mkoba mapajani. Akamuuliza anajua nini. Akamwambia wazi. Akanyamaza.

"Na mimi, mume wangu?" mkewe akauliza. "Unaniacha na nani?"

"Sitakuacha," akasema.