Tumbo la Kumi

Samaki wa tisa naye alikuwa mtupu. Mwanafunzi alilifunua tumbo kwa koleo ndogo, akachungulia kila mkunjo, kisha akaandika "hakuna" kwenye fomu ya mtihani.

Walikuwa samaki weusi wa kilindini, vinywa vipana kama mifuko. Wakivutwa juu na nyavu, wengi hutapika walichokula. Lakini fomu haikujali hayo. Ilitaka samaki kumi wapasuliwe na angalau mlo mmoja utambuliwe. Alikuwa ameshafeli mara mbili. Hii ya tatu ndiyo ya mwisho.

"Bosi, mtoto wa watu afanyeje?" aliuliza mama wa usafi, akiegemea ufagio. "Samaki hawakula, kosa lake?"

"Kanuni ni kanuni," alisema msimamizi. Ndiyo maana maabara nzima ilimwita Kanuni.

"Basi mgawie japo kamba mmoja apate nguvu. Leo Alhamisi, najua mkeo kakufungia sita wa ndimu humo bakulini."

"Kamba wangu hawaombwi." Akamgeukia mwanafunzi. "Na wewe kanawe uso. Machozi yana chumvi, yataniharibia sampuli."

Msichana alitoka. Mama wa usafi akamfuata, akamshikia taulo na kumpapasa mgongo mpaka kwikwi zikaisha. Msichana aliporudi alinukia sabuni ya ndimu. Akamvuta samaki wa kumi, akapasua.

Tumboni mlikuwa na kitu kimejikunja. Kamba mzima, mwekundu. Harufu ya ndimu ilimjia. Akanusa mikono yake, akaendelea.

"Mbona mwekundu?" Kanuni aliuliza kwa ukali.

"Kamba wengi wa kilindini ni wekundu hata wakiwa hai, mwalimu. Mwanga mwekundu haufiki kule chini, kwa hiyo rangi hiyo huonekana nyeusi. Ndiyo maficho yake. Samaki huyu hamtafuti kwa macho. Anakaa kimya gizani, anangoja kamba apite karibu na mdomo."

Kanuni aliinama na lenzi yake, akaangalia muda mrefu. Kisha akatia sahihi.

"Umefaulu. Sasa acha kulia, fomu italowa."

Saa ya chakula mama wa usafi aliketi mkabala na Kanuni, akalichungulia bakuli lake kama kawaida yake.

"He, watano? Leo mkeo kakupunja."

"Atakuwa amekosea kuhesabu," alisema Kanuni, akalivuta bakuli karibu.